Chale na machale

Mtoto alikuwa chini ya meza ya keki. Kitambaa cha meza kilishuka mpaka kwenye nyasi, kwa hiyo nilichokuwa nakiona ni kiatu kimoja tu, cha pinki, vile vyenye vitaa kwenye soli vinavyowaka mtoto akikanyaga. Kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, na hakuna aliyekuwa anatembea. Ni mguu uliokuwa unatetemeka. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka mitatu, na mimi ndiye niliyeletwa kumfurahisha.

Nikapiga magoti, nikainua pindo la kitambaa. "Pole mama, samahani, Anko alikuwa anatania tu," nikasema kwa sauti ya chini kabisa niliyonayo, uso nimeukunja kwa huruma ya kweli. Hakuniangalia machoni. Aliangalia mdomo. Na mdomo wangu siku hiyo ulikuwa umepakwa nyekundu kutoka shavu hili mpaka shavu lile, kicheko kikubwa kisichofungika. Kadiri nilivyosikitika ndivyo kile kicheko kilivyochezacheza. Alipiga ukelele mpaka DJ akazima muziki. Mama yake akamvutia upande wa pili wa meza, keki ikayumba, watu wakaikimbilia keki, nami nikabaki nimepiga magoti peke yangu, nacheka.

Hiyo ilikuwa 2012, kwenye bustani moja ya sherehe Mbezi Beach. Nililipwa hela yangu yote, elfu arobaini na nauli ya bodaboda juu, bila kukatwa hata mia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama mwenye shughuli alinikabidhi noti huku anaangalia pembeni. Mtu mzima, ana mume, ana gari, na hakutaka kunitazama usoni.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa kijana wa sarakasi Temeke, yule anayesimama juu kabisa ya piramidi ya watu, mpaka siku nilipoanguka vibaya kwenye onesho na goti likagoma. Kiongozi wetu hakuwa mtu wa kufukuza mtu. Akaniambia, "Basi, wewe utakuwa chale." Akanipa suruali bwanga yenye mikanda ya mabegani, wigi la rangi ya machungwa lililonunuliwa Kariakoo, na pua ya sponji iliyokwisha kuvaliwa na watu wawili kabla yangu, ina harufu zao. Rangi tulichanganya wenyewe: poda ya watoto na mafuta ya mgando kwa ile nyeupe, lipstiki kwa mdomo, wanja kwa nyusi. Ukijipaka mchana wa Dar una nusu saa, zaidi ya hapo inaanza kuyeyuka, macho yanateremka mashavuni. Hilo nalo halikunisaidia.

Jina lenyewe la kazi lina vituko vyake. Chale, mchekeshaji, inasemekana wazee wetu walilitoa kwa Charlie Chaplin, enzi za sinema zisizo na sauti. Lakini chale ni zile alama za kuchanja pia, na kwetu Umakondeni zilichanjwa usoni. Halafu kuna machale, ambayo mjini kila mtu anayajua: ndiyo yanayomcheza mtu kabla ya balaa, yanayokwambia ushuke kwenye daladala hii upande ile. Miaka tisa nilikuwa chale nikiwachezesha watoto wa watu machale, na nilichelewa sana kuona kwamba maneno hayo yalikuwa yamekaa pamoja mdomoni mwangu muda wote.

Maelezo ya kwanza niliyopewa yalikuwa ya kiongozi wetu. "Watoto wa kishua hao, wamedekezwa. Wapeleke Mbagala uone kama wataogopa." Nikamwamini, kwa sababu yalinipa nafuu. Tukaenda Mbagala. Wakaogopa. Tofauti iliyokuwepo ni kwamba wa Mbagala walikimbia mbali zaidi, na mmoja alirudi na jiwe.

Nikaanza kuwaangalia vizuri, umri kwa umri, maana mkate wangu ulikuwa hapo. Kichanga cha miezi mitano kinakukodolea macho kama kinaangalia televisheni. Akishafika karibu mwaka anakukunjia uso na kumkumbatia mama yake, lakini huyo anamkunjia uso kila mgeni. Shida yenyewe inaanzia miaka miwili mpaka minne hivi. Hao hawataki maputo wala pipi, wanataka kuondoka. Ukifika miaka saba mambo yanageuka: anakuja mwenyewe, anavuta wigi, anauliza, "Anko, unakaa wapi? Una mke?" Huyo anataka kujua nyuma ya ile rangi kuna nani. Na nikimjibu, "Nakaa Temeke, mke bado," anaridhika, anaenda kuwaambia wenzake.

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, ila sikujua kama ni jibu.

Likizo ndefu tulikuwa tunapelekwa kwa bibi, Newala. Mwaka mmoja, nina miaka sita hivi, wari walikuwa wanatolewa jandoni. Kijiji kizima kiko uwanjani, ngoma zinalia, mara watu wakapasuka pande mbili na likaja lile jitu. Kwa wasiojua: midimu ni wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, na wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wanasema mapiko. Kinyago ni cha mti mwepesi, kinafunika kichwa kizima kama helmeti ya pikipiki. Kina nywele, nywele za mtu kweli, zimebandikwa. Kina chale za usoni kama alizokuwa nazo bibi. Na mwili wote umefungwa nguo, huoni hata ukucha. Nilikimbia mpaka nyuma ya jiko, nikajitosa kwenye pipa la maji. Lilikuwa na maji.

Kabla sijakimbia nilisimama kidogo, na kile nilichokiona wakati huo ndicho kilichonikimbiza. Lile jitu lilimgeukia mjomba wangu. Mjomba akalitania, akacheka, akaruka, akajifanya anataka kulipiga, akalitunza hela. Lote hilo linaendelea na uso wa lile jitu haukubadilika hata kidogo. Mjomba alikuwa anaongea na uso ambao haumjibu. Ubaya wa sura haukunisumbua, kinyago kile kilichongwa na fundi kweli, hata leo nikikikumbuka nakiona kizuri.

Bibi alikuja kunitoa kwenye pipa, akanifuta kwa kanga yake, na hakuniambia nisiogope. Alisema tu, "Subiri zamu yako."

Ya jandoni hayasimuliwi, nami sitayasimulia hapa. Ila hili moja siku hizi halina siri, hata makumbusho yanalieleza: ndani ya kinyago yumo mtu, na huona njia kupitia uwazi wa mdomo. Mtoto wa kiume anaingia jando akiwa analikimbia lile jitu, anatoka akijua kwamba yumo mtu. Kinyago ni kilekile na ngoma ni zilezile.

Mtazame mtoto anayejifunza kutembea siku akianguka. Halii hapohapo. Kwanza anainua macho amtafute mama yake, aone uso wa mama unasemaje. Mama akicheka, anainuka na kuendelea na safari. Mama akishtuka, ndipo kilio kinaanza, tena cha nguvu. Kabla ya maneno mtoto anasoma nyuso, na anazisoma kwa haraka kuliko sisi tunavyosoma meseji. Sasa mletee mtoto huyo uso ambao umeandikwa neno moja tu, HAHAHA, na neno hilo halifutiki akilia, halifutiki akianguka, halifutiki mwenye uso akiumia. Atausoma vipi? Nyusi zangu za wanja zilikuwa zimechorwa juu ya paji la uso, vidole viwili kutoka zilipo nyusi zenyewe. Nikishangaa au nikikasirika, zenyewe zipo palepale.

Nilifarijika siku nilipokuta kwamba kuna watu wamelisomea jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales, kule Wales, waliwauliza watu 987, wenye miaka 18 hadi 77, wa nchi mbalimbali. Asilimia 53.5 walikiri kuogopa chale kwa kiasi fulani, na asilimia 5 wakasema wanaogopa mno. Watu wazima hao! Walipoulizwa kwa nini, sababu iliyobeba uzito mkubwa ni kwamba rangi inaficha hisia, hujui mwenzako anawaza nini. Filamu na habari mbaya nazo zilitajwa sana. Iliyoshika mkia ni ile ambayo mimi ningeiweka ya kwanza, kwamba mtu aliwahi kutishwa na chale mwenyewe kwa mwenyewe. Makala hiyo ilitoka 2023, nilishaacha kuitegemea kazi hii, lakini niliisoma nikiwa nimesimama, kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

Wapo na wengine, wa chuo kimoja cha Illinois, Marekani, kinaitwa Knox, ambao mwaka 2016 walitoa utafiti wa watu 1,341 kuhusu kitu ambacho kwa Kiswahili chetu ni machale kabisa: mtu gani anakufanya usisimke mwili bila kujua sababu. Wakawapa orodha ya kazi wazipange. Chale wakashika namba moja, wakawapita hata wanaoandaa maiti kwa mazishi. Hoja yao ni kwamba hali ile inatokea pale ambapo hujui kama kuna hatari au hakuna. Nami naafiki. Mtu anayekujia na panga hakupi machale, anakupa mbio. Machale yanakucheza ukiwa umekaa na mtu anayetabasamu na hujui anatabasamia nini.

Lakini rangi yenyewe haina hatia, na hapa nataka kuwatetea wazee wa kazi. Aliyeipa umaarufu ile sura nyeupe ni Mwingereza, Joseph Grimaldi, aliyezaliwa London 1778. Kabla yake walikuwepo wachekeshaji, lakini yeye ndiye aliyejipaka nyeupe uso mzima na shingo, akaweka mapande mekundu mashavuni, akapendwa mpaka Waingereza wakawaita chale wote Joey, kwa jina lake. Sasa fikiria jukwaa alilolichezea. Hakuna umeme. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ni mishumaa na taa za mafuta, ukumbi umejaa, na aliyekata tiketi rahisi yuko juu huko mwisho, anaona watu wadogo kama karanga. Uso mtupu usingefika kule. Ule weupe na ule wekundu ulikuwa wa kupeleka kicheko mpaka kiti cha nyuma. Na sarakasi za baadaye zilikuwa vilevile: uwanja wa duara wenye upana wa karibu mita 13, kipimo alichokizoea Philip Astley, baba wa sarakasi za kisasa, na farasi wake, halafu viti vinapanda kuanzia hapo kwenda juu.

Rangi ya mbali, hiyo. Nami nikaibeba mpaka chini ya meza ya keki, sentimita thelathini kutoka kwa uso wa mtoto wa miaka mitatu.

(Grimaldi naye nilimpenda kwa sababu nyingine. Viungo vyake viliharibika kwa kuruka na kuanguka, na mwaka 1828 alipoaga jukwaa aliigiza ameketi kitini. Ninapolisugua goti langu kwa dawa usiku huwa namkumbuka.)

Watu wengine hawakumchukulia chale kwa hisani hiyo, na wana sababu. Chicago mwaka 1978 alikamatwa mtu, John Wayne Gacy, ambaye majirani walimjua kama mkandarasi mchangamfu anayevaa uchale kwenye shughuli za watoto. Alihukumiwa kwa kuua vijana na wavulana 33. Tangu hapo kila anayejipaka rangi Marekani anabeba kivuli cha yule bwana. Agosti 2016 huko Greenville, South Carolina, watoto wakasema wameona chale pembezoni mwa msitu wakiwaita kwa hela. Polisi hawakuwakuta, lakini uvumi ulishatoka, ukazagaa majimbo mengine, ukavuka bahari mpaka Uingereza na Australia, hadi kampuni ya migahawa ya McDonald's ikalazimika kumpunguzia chale wake wa matangazo shughuli za hadhara kwa muda.

Kitu kikishafika kwenye simu kimefika Tabata.

Siku moja huko Tabata nilikuwa nimechelewa. Kwa kawaida najipaka hukohuko kwenye shughuli, chooni au kwenye chumba cha msichana wa kazi, lakini siku ile niliona nijipake kabisa nyumbani nipande bodaboda. Bodaboda ikapata pancha. Saa kumi na mbili jioni, mwanga unaondoka, nikakata mtaa kwa miguu kutafuta namba ya nyumba, begi la maputo mkononi. Nikawakuta watoto wanacheza rede, nikawapungia. Kwa nguvu ya mazoea. Mtaani wakati huo kulikuwa na maneno maneno ya watoto kuibwa, kama yanavyozuka kila baada ya miaka kadhaa, na wakati wa bibi zetu yangekuwa maneno ya mumiani. Watoto wakatawanyika. Mmoja akapiga kelele. Mlango ukafunguka, mwingine ukafunguka, na kijana mmoja mwenye kandambili akaja ananiangalia kuanzia viatuni kwenda juu.

"Begi lina nini?"

Nikajibu "maputo," na nikajisikia mwenyewe jinsi jibu hilo linavyotia mashaka. Wakafika watano, wakafika kumi. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na usoni nacheka. Nilijaribu kuufuta ule mdomo kwa kiganja, ikawa mbaya zaidi, wekundu ukasambaa mpaka kidevuni kama mtu aliyekunywa damu. Kilichoniokoa ni mama mmoja mtu mzima, nadhani alikuwa mjumbe, aliyepenya katikati yao na ndoo ya maji. Hakuniuliza kitu. Aliniambia, "Nawa, mwanangu." Nikanawa pale mbele yao, povu linateremka jeupe kwenye mtaro, nikavua wigi. Ukatokea uso wangu huu wa kawaida, mweusi, umelowa, macho mekundu. Na ule umati, sijui nielezeje, ulilegea. Kuna aliyesema, "Kumbe ni mshikaji tu." Yule mwenye kandambili ndiye aliyenionesha nyumba niliyokuwa naitafuta, na njiani aliniuliza kama naweza kuja kwenye bethidei ya mwanawe, lakini nije hivihivi.

Nije hivihivi. Niliikumbuka Newala usiku ule.

Nilijiuliza pia kwa nini mambo haya hayawakuti wachekeshaji wetu. Mzee Majuto alituchekesha miaka na miaka kwa uso wake mwenyewe, na ukimwangalia ulikuwa unajua saa hii anadanganya, saa hii ameshikwa, saa hii anaona aibu. Watani msibani wanafanya makubwa kuliko yangu. Mtani anaingia kaburini, analala humo, anasema hatoki mpaka apewe chochote, anaiga marehemu alivyokuwa akitembea, na waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayekimbia. Wanamjua ni nani, wa kabila gani, na kwa haki gani anafanya vile. Utani una wenyewe. Mimi nilikuwa naingia kwenye shughuli ya watu nisiowajua, namshika mtoto pua, namrushia maji ya ua la plastiki, namwibia babu yake kofia, na hakuna aliyenipa utani huo. Nilijipa mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hana maneno ya kuyasema hayo, ila anajua amevunjiwa kitu.

Mambo yalibadilika hospitalini, wodi ya watoto. Kikundi cha kanisa fulani kilikwenda kutoa zawadi za Krismasi na kikanikodi. Niliingia kwa mlango mkubwa, wigi, rangi, filimbi mdomoni, na wodi nzima ikaangua kilio kana kwamba nimekuja na sindano. Mtoto anayelia wodini hawezi hata kukimbia, amefungwa dripu. Nesi mmoja wa makamo akanishika mkono, si kwa upole sana, akanitoa kwenye korido.

"Kaka, hawa tangu asubuhi wanashikwashikwa na watu waliofunika nyuso. Na wewe unakuja umefunika."

Sikuwa nimelifikiria. Barakoa za madaktari, kofia za kijani. Nikamwambia basi naondoka. Akasema hapana, nenda kanawe, urudi ujipakie hapahapa, wakuone.

Nilirudi na uso wangu, nikakaa kwenye benchi katikati ya wodi. Kijana wa miaka minane hivi, mguu umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye paja, akaombwa anishikie kioo. Nikachovya kidole kwenye ile nyeupe nikajipaka nukta moja kwenye shavu. "Inatosha?" nikauliza. Akasema ongeza. Nikaongeza. Mwingine kule mwisho akasema isiwe nyingi. Wakaanza kubishana, nyusi moja iwe huku, nyingine huku, na sikuruhusiwa kupaka mdomo kabisa, aliyeamua hivyo ni binti mmoja mwenye kikohozi. Pua walivalishana wao kwanza, kitanda kwa kitanda, ilipofika kwangu ilikuwa imelowa mate. Niliivaa hivyohivyo. Sikufanya maigizo yoyote siku ile, hata filimbi niliisahau, na ndiyo siku watoto waliyonicheka kuliko zote.

Alikuwepo mmoja aliyegeukia ukutani tangu mwanzo na hakugeuka. Nikataka nimsogelee na puto. Nesi akanivuta shati. "Huyo muache. Kesho anaingia chumba cha upasuaji. Si lazima kila mtu acheke." Miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniambia sentensi hiyo. Kwenye sherehe mtoto akilia mzazi anamsukuma kwako, "Nenda kwa Anko, nenda, haumi," huku kamera ziko juu, nami nilikuwa napokea kinachosukumwa.

Baadaye nilijifunza kwamba nesi yule hakuwa amebuni jambo la ajabu. Kule New York chale waliingia rasmi mahospitalini 1986, kazi iliyoanzishwa na Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple, na wengi wa fani hiyo leo wanavaa pua tu, uso mwingine wanauacha wazi usomeke, na mlangoni wanaomba ruhusa kwanza. Na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwauliza watoto zaidi ya 250, wa miaka 4 mpaka 16, wodi zao zipambwe vipi. Picha za chale hawakuzitaka, wakubwa kwa wadogo. Watu wazima walikuwa wamezichora ukutani kwa nia njema miaka mingi bila kuuliza. Nami nimo kwenye kundi hilo la watu wazima.

Tangu siku ile sikupaka tena mdomo. Nilikuwa nafika kwenye shughuli mapema, na nguo zangu za kawaida, nasalimia wakubwa shikamoo, nakaa kwenye mkeka na watoto, nafungua begi. Wateja wengine hawakupenda, walitaka surprise, chale atokee ghafla nyuma ya pazia wakati wa keki. Niliwapoteza. Halafu ikaja ile filamu ya Kimarekani ya 2017, ya chale anayeishi kwenye mtaro wa maji machafu, na ingawa sidhani kama watoto wa miaka mitano waliiangalia, kaka zao waliiangalia kwenye simu, na kaka ni gazeti. Simu za kuniita zikapungua. Nikahamia kwenye kupamba maputo na kukodisha viti, ndiyo kazi yangu mpaka leo, pua naivaa mara mojamoja nikiombwa na watu wanaonijua.

Binti yangu ana miaka minne. Hizo siku za mojamoja anapanda kitandani na kuangalia nikijiandaa mbele ya kioo, magoti ameyakumbatia. Hasemi neno. Nikimaliza nageuka, naye anashuka, anakuja mpaka karibu, analamba kidole chake gumba na kunisugua shavuni, mahali palepale siku zote, chini ya jicho la kulia, mpaka rangi itoke na ngozi ionekane, kipande cha ukubwa wa shilingi mia. Anachungulia hapo.

"Baba, umo?"

"Nimo."

"Haya. Nenda. Lakini usichelewe kurudi."

Kile kipande sikipaki tena. Naenda nacho hivyohivyo.